Nilianzia Mgongoni

Nyambura,

Umelala chumbani, nimetoka kukuchungulia. Mguu mmoja uko nje ya blanketi, na mkononi umeshika kijiko cha plastiki ulichokataa kifungwe pamoja na vyombo vingine. Ni Jumamosi, saa tisa mchana. Kesho asubuhi pikapu itakuja hapa Makongeni kuwachukua wewe na cucu yako, mama yangu, iwapeleke Kinangop, kwenye shamba alikozaliwa yeye. Mimi nitabaki.

Nyumba hii ilikuwa ya kazi. Cucu yako alipewa alipoajiriwa kiwandani, na sasa amestaafu, kwa hivyo funguo zinarudi kwa wenyewe. Mimi naenda Ruiru, chumba kimoja na wasichana wawili niliosoma nao chuoni, vitanda vitatu na mlango ambao ukifunguliwa unagonga kitanda cha kwanza. Nitaingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Nimepanga na kupangua kila njia ya kukuweka hapo, na kila nikipanga zinabaki hizo saa kumi na moja za mchana ambazo hakuna mtu wa kukushika. Hizo ndizo zimenishinda.

Mezani kuna karatasi mbili. Moja ni hii. Ya pili ni fomu ya shule utakayoanza huko, ile ya watoto wadogo. Cucu yako ameijaza yote kwa mwandiko wake mkubwa: jina lako, siku uliyozaliwa, chanjo zako, hata kwamba mayai yanakuwasha. Ameacha mstari mmoja tu, mstari wa jina la mama. Ameniambia niujaze mimi kabla hajamaliza kufunga mizigo. Ninayo tangu saa sita na sijaujaza.

Ndiyo maana naandika hii kwanza. Labda nikishakuambia wewe, mkono utakubali ile nyingine.

Sitakuandikia mambo ya mswaki, wala kuvaa soksi mbili kwa baridi ya huko. Hayo cucu yako anayajua kunishinda, na ukisoma hii utakuwa tayari umeshakataa nusu yake. Nataka kukuambia vitu ambavyo sijamwambia mtu. Mimi si mtu wa kuongea. Karakana ya Ruiru, ninakoenda kufanya kazi, waliniita Kimya kuanzia siku ya pili, na sikuwalaumu. Shuleni nilifunzwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na zote mbili naziandika vizuri, walimu walisema hivyo, lakini zikifika mdomoni zinagongana na hakuna inayotoka. Kikuyu ndicho kinatoka, na sijui kukiandika. Nimechagua Kiswahili kwa barua hii kwa sababu nikiandika Kiingereza najikuta nadanganya kidogo ili sentensi iwe nzuri.

Nilipenda kuchora kwa sababu hiyo hiyo. Nilipoingia chuo cha ufundi hapa Thika nikaona kuna kazi ambayo mtu anachora chuma kwenye karatasi, anaweka vipimo, na mtu mwingine mbali anakitengeneza bila hao wawili kuongea, nilifikiri Mungu ameniona. Sikujua kwamba mchoro nao unaongea, na ukidanganya, watu wanaukubali.

Mwaka huu walinipeleka karakana kujifunza kazi. Iko Ruiru upande wa Kamakis, mahali ambapo ikifika saa saba harufu ya nyama choma inaingia mpaka kwa grisi na watu wote wanakuwa na hasira. Wanatengeneza mashine za kukata majani ya ng'ombe. Ndani ya kila mashine kuna shafti inayozunguka yenye visu, na shafti inashikwa pande mbili na vyuma viwili vyenye matundu, ndani ya matundu kuna beringi. Hivyo vyuma vinakuja vikiwa vimeyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga, vizito, vya kijivu. Kila kimoja kina miguu miwili ya kufungwa na bolti kwa fremu, na juu kina mgongo mpana. Miguu chini, tundu katikati, mgongo juu. Kama kobe anayetobolewa ubavuni.

Walinipa hicho nikichore upya. Kilikuwa kitu changu cha kwanza ambacho kingetengenezwa kweli.

Sasa hapa ndipo nataka unielewe, hata kama hutawahi kushika chuma maisha yako yote. Ukichora kitu cha kutengenezwa, lazima uchague mahali ambapo vipimo vyote vitaanzia. Unachagua uso mmoja wa hicho kitu, unauwekea pembetatu ndogo nyeusi na herufi A, na unasema: kila kitu kipimwe kutoka hapa. Chuoni tuliita datamu. Fundi Kamau, ambaye ametoboa vyuma tangu kabla sijazaliwa, anaita tu "pa kuanzia." Ukikosea urefu wa kitu, umekosea kitu kimoja. Ukikosea pa kuanzia, unaweza kupatia vingine vyote na kazi nzima bado iharibike.

Nilianzia mgongoni.

Nilikuwa na sababu. Mgongo ulikuwa mpana, na ukishika kifaa cha kupimia unaufikia bila kuinama. Kwenye karatasi uko juu, mahali jicho linaanzia kusoma. Na chuoni tulichora vipande vilivyonyooka pande zote, kama sabuni mpya. Kwa kipande kama hicho ukianzia juu ama chini jibu ni lile lile, na mwalimu anaweka tiki. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna vyuma vyenye upande mmoja laini na upande mwingine vile mchanga ulivyopenda.

Siku ya kwanza nililaza kimoja mezani kwa mgongo wake ili nikiangalie. Kikacheza. Kidogo tu, tik, tik, kama stuli kwenye sakafu mbovu. Nilikishika kikatulia, nikatoa mkono kikacheza tena. Nilijua. Nyambura, hilo ndilo linaniuma zaidi, nilijua kuna kitu. Lakini kuuliza kungemaanisha nivuke karakana nzima, nipite vijana wote, nisimame mbele ya Fundi Kamau na mashine ikinguruma, na nipaze sauti. Nikachora pembetatu yangu mgongoni.

Fundi alipopata mchoro alikuja mwenyewe.

"Kimya, hapa unataka nianzie mgongoni?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Mgongoni kabisa? Hapa penye chunusi?"

"Ndio," nikasema.

"Haiya. Mimi nafuata mchoro. Mchoro ukisema nianzie mbinguni, natafuta ngazi."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Injinia amesema, nani wewe?" Na mimi nikacheka pamoja nao, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kusema hebu ngoja kwanza.

Vilikuwa ishirini na vinne, vya mashine kumi na mbili. Miguu ilikuwa imesawazishwa wiki iliyotangulia kwa mashine nyingine. Fundi alivilaza kimoja kimoja kwa mgongo akatoboa kwa urefu niliouandika. Siku tatu. Siku ya nne wakaanza kuunganisha. Shafti ikaingia tundu la kwanza, ikafika la pili ikakataa. Wakaipiga kwa nyundo ya mbao ikaingia, wakaizungusha kwa mkono, ikagoma. Wakabadilisha vyuma, ikagoma kwa njia nyingine. Fundi akavitoa vyote akavipanga sakafuni, akavipima kutoka mgongoni. Vyote sawa. Kila kimoja kilikuwa sahihi kabisa kwa mchoro wangu. Kisha akavipima kutoka miguuni, na hapakuwa na hata viwili vilivyokubaliana.

Mwenye karakana, Bwana Gurdeep, akatoka ofisini. Ni mtu mpole, Kikuyu chake ni kizuri kuliko changu, babu yake alifungua duka hapa Thika. Akainama akaokota kimoja, akakigeuza.

"Ni nani alichora?"

Kwenye kona ya kila mchoro kuna kisanduku cha jina la aliyechora. Changu kilikuwa tupu. Nilikuwa nimeona aibu kuandika jina langu karibu na mihuri ya watu wakubwa.

Niliangalia viatu vyangu. Nikasikia Fundi Kamau akisema, "Ni sisi, boss. Tutarekebisha."

Bwana Gurdeep akaangalia kile kisanduku, akamwangalia Fundi, akarudisha chuma chini polepole na kwenda zake. Angepiga kelele ningelia na ingeisha. Sikupata hata hiyo.

Saa ya chakula wote walienda Kamakis, Fundi akabaki. Akaniita kwa kidole.

"Kilaze vile ulichora."

Nikakilaza. Akagusa pembe. Tik, tik.

"Kigeuze."

Nikakigeuza kikasimama kwa miguu. Akagusa pembe zote. Hakikucheza.

"Hii ikienda kwa mkulima huko Gatundu, itakaa juu ya nini?"

"Miguu."

"Na wewe ukaanzia wapi?"

Nikagusa mgongo wake kwa kidole.

"Kitu unakipima kutoka mahali kinakaa kikiwa kazini," akasema. "Si mahali panapofikika. Si mahali panapendeza. Kwanza kinalala chini, kinashikwa na nukta tatu. Halafu unakisukuma kwa ukuta, nukta mbili. Halafu unakisukuma mwisho, moja. Hapo hakina pa kwenda. Na chenye kinagusa kwanza ndicho mkubwa. Hivyo vingine vinafuata vile hicho kimesema." Akapangusa mikono kwa kitambaa. "Sasa niambie. Ile siku ulikilaza mezani, kilicheza?"

"Kilicheza."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na ukanyamaza. Wee msichana. Ngai."

Alitoa mandazi kwenye begi akanigawia nusu, na nikala nikiwa nimempa mgongo kwa sababu machozi yalikuwa yanaingia kwenye mandazi.

Nilichora upya nikaanzia miguuni. Waliweza kuokoa vyuma tisa, vilivyobaki vikarudi kuyeyushwa. Na mwisho wa mafunzo waliniambia nirudi kufanya kazi, sijui kwa nini. Fundi anasema ni kwa sababu mtu akishakosea hapo mara moja hakosei tena. Mimi sina uhakika. Mimi nilikuwa nimeshakosea hapo kabla, na kitu nilichokosea nacho ni wewe.

Nilikuzaa nikiwa kidato cha pili. Baba yako alikuwa mwanafunzi kama mimi, na aliogopa kama mimi, tofauti ni kwamba yeye aliweza kuhama. Anaishi Githurai 45 sasa. Sitamsema vibaya, simjui vya kutosha. Watu wa kwao hawakuja kukupa jina, kwa hivyo jina lako likatoka upande wetu, ukapewa la mama yangu. Nilirudi shule ukiwa na miezi mitano. Cucu yako aliwaambia wa kanisani kwamba wewe ni wake, na akaomba zamu za usiku kiwandani ili akushike mchana. Nilikuwa nikitoka shule nakimbia, maziwa yamelowesha sweta, nimeshika vitabu kifuani watu wasione.

Ulipoanza kuongea ulituita wote wawili. Yeye ulimwita Mami. Mimi uliniita Mama. Hakuna aliyekufundisha, ulijigawia mwenyewe, na hukuwahi kukosea nani ni nani. Hii huikumbuki. Ndiyo sababu naiandika.

Halafu nikaingia chuo. Wiki ya kwanza nilipata marafiki wawili, kitu ambacho sikuwa nacho tangu tumbo lianze kukua. Siku moja jioni walinisindikiza mpaka hapa Makongeni, na wewe ulikuwa na cucu yako nje kwa kibanda cha Mama Mandazi. Ulituona ukaja ukikimbia na mikono juu.

"Mama! Mama, nataka mandazi!"

Wale wasichana waliniangalia. Hawakuniangalia vibaya, waliangalia tu, vile mtu anangoja umwambie. Nilikuwa na kama pumzi moja ya kufikiri. Nikachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa na nikasema, kwa sauti nzuri kabisa, ile sauti ninayoikosa siku zote:

"Mimi ni Wambui. Mama yuko pale."

Ulinitazama. Ulikuwa hujafika miaka mitatu. Uliangalia cucu yako, ukaniangalia mimi, kama mtu anayeulizwa hesabu.

"Wambui," ukasema, "nataka mandazi."

"Haki huyu mdogo wako mmefanana mpaka vidole vya miguu," msichana mmoja akasema, na nikacheka, na nikakununulia mandazi mbili.

Nilifikiri ni kitu cha siku hiyo. Nyumbani ungerudi kuniita vile unaniita. Hukurudi. Wewe unashika vitu haraka, hata mwalimu wako ataona. Asubuhi yake ulisema Wambui, na kesho yake Wambui, na nikaona kwamba ni rahisi. Hakuna aliyeniangalia tena. Nilianza kusema "mdogo wangu" bila hata kuulizwa. Chuoni, karakana, hospitali ulipokuwa na homa. Daktari akauliza, "Wewe ni nani wake?" nikasema dada, akasema nimwite mama, na tukangoja saa nzima cucu yako atoke kazini, wewe ukiwa moto mapajani mwangu, kwa sababu dada haweki sahihi.

Hizo zote zilikuwa sawa, Nyambura. Nikianzia pale nilipoanzia, kila neno lilifuata lile lililotangulia vizuri kabisa. Nilichagua upande unaoangalia watu, mpana, rahisi kufikika, na nikakupima kutoka hapo.

Wale wasichana wawili ndio nitakaoishi nao Ruiru. Bado hawajui. Kuanzia kesho nitalala kitanda cha katikati, mmoja kushoto na mmoja kulia, na kwenye simu yangu kuna picha zako mia tatu, ambazo kwao ni za mdogo wangu.

Nilidhani nikishaelewa maneno ya Fundi nitajua cha kuandika kwenye fomu. Anzia mahali kitu kinakaa kikiwa kazini. Sawa. Lakini jiulize vile nimejiuliza tangu saa sita. Ukiota ndoto mbaya unakimbilia kitanda gani? Nani anajua kwamba ugali unataka ukiwa umepoa? Ukianguka unamtafuta nani kwa macho kabla hujaamua kulia? Unakaa juu ya cucu yako. Nukta zote tatu ni yeye. Nilitaka hicho kipimo kiniambie nilikosea, na kimeniambia, halafu kimeendelea kikasema kwamba jina lake ndilo la kweli. Kwamba nikiandika langu ni pembetatu nyingine tu nimechora mahali hukai.

Sijui, mwanangu. Nimefika mwisho wa kile ninachojua. Watu huandika barua hizi wakiwa na miaka hamsini. Mimi nimefika kumi na tisa juzi.

Nimeacha kuandika kidogo. Cucu yako ameingia na pazia mkononi, analikunja.

"Umejaza?"

"Bado."

"Kalamu imeisha?"

"Hapana."

"Basi ni mkono umeisha."

Nikamwambia aandike lake. Nikasema yeye ndiye anakupeleka, yeye ndiye unamwita Mami, huko hakuna anayenijua, kwa nini tuanze kuchanganya mtoto. Nikamwambia hata ya Fundi Kamau, ya miguu na mgongo, haraka haraka kwa Kikuyu. Naongea sana nikiwa naye, huwezi amini.

Alikaa juu ya gunia la nguo. Magoti yake yalilia.

"Mimi vyuma sivijui," akasema. "Lakini nitakuuliza kitu. Kanisani unafikiri wanaamini ni nani alizaa huyu mtoto?"

"Si ulisema ni wako?"

"Nilisema. Kwa sababu uliniangalia na yale macho." Akaanza kucheka, kicheko cha pumzi tu ili usiamke. "Wambui, nilikuwa na miaka hamsini na sita. Wale kina mama wamezaa watoto hamsini kati yao, hawajui kuhesabu? Walikuona na lile sweta kubwa. Wanajua tangu siku ya kwanza. Ni wewe peke yako ulikuwa umejificha."

"Na hawakusema kitu?"

"Waseme nini? Walileta uji. Ule uji wote ulikunywa, mtungi kwa mtungi, ulifikiri wameniletea mimi?"

Nilikumbuka. Wiki mbili nzima, uji wa wimbi, ule wa mzazi, bado moto. Mama mmoja baada ya mwingine mlangoni, wakiuliza cucu yako anaendeleaje, na macho yakipita begani kwake yakinitafuta mimi.

Halafu akasema kile ambacho sikuwa nimekiweka kwenye hesabu yangu.

"Nikianguka huko Kinangop, mwalimu atapigia nani simu?"

Nikaivuta fomu karibu.

"Hiyo karatasi haiulizi nani anampikia. Andika ama usiandike. Mimi nimechoka kusema nilizaa nikiwa na hamsini na sita, hata Sara wa Biblia alicheka." Akainuka kwa kushika meza, akarudi kwa mapazia yake.

Nimeandika. Ni saa kumi na dakika ishirini. Nimeandika Wambui, na majina yangu mengine mawili, na namba ya simu. Mwandiko umelala upande kama wa mtoto wa darasa la pili. Nimelitazama jina nikingoja nihisi kitu, na nilichohisi ni woga, ule ule wa kuvuka karakana. Maana sasa mwalimu ataita hilo jina, na siku ya wazazi wataliita, na nitakuwa Ruiru nimeinamia karatasi ya chuma. Nimeandika kwamba ni mimi na wakati huo huo nimekupakia kwenye pikapu. Sijui hivyo viwili utaviweka pamoja vipi ukiwa mkubwa. Mimi siwezi kuviweka.

Sikuambii useme kila kitu kinachocheza. Mimi mwenyewe bado sisemi. Bado nina wasichana wawili wa kuwaambia wiki ijayo, na huenda nikafika huko nikanyamaza tena. Nataka tu ujue kwamba hukuwa mdogo wangu. Hukuwahi kuwa, hata dakika ile pale kwa mandazi. Ulikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekusahihisha.

Nilikuwa nimeinua kalamu nikifikiri nimalize vipi, ukaamka. Sikukuona, nilikusikia. Ulilia kidogo, ile ya kuamka mahali pasipo na pazia, halafu ukaita.

"Mami!"

Tulisimama wote wawili, mimi hapa mezani na yeye kwenye mlango wa jikoni. Tukatazamana. Alikuwa na sufuria mkononi. Akaiweka chini bila kufanya kelele, akavuta stuli, akakaa tena. Akanifanyia ishara na kidevu, niende.

Nikaja. Ulikuwa umeketi katikati ya kitanda, nywele upande mmoja, macho hayajafunguka vizuri. Nilikunyooshea mikono. Nilikuwa nimejiandaa kusema, nilikuwa hata nimechagua maneno, mawili tu: "Ni Mama."

"Si wewe," ukasema. "Nataka Mami."

"Najua," nikasema.

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Hukunisukuma, hukuja. Tulikaa hivyo, tukasikia stuli ikikokota jikoni na magoti yake yakija polepole, na alipofika mlangoni ulipita juu ya miguu yangu kwenda kwake.

Ni mimi niliyekuzaa,

Wambui